Kipepeo Anakuja, Mayai Hayaonekani: Utatuzi wa Matatizo kwa Bustani za Dodoma

Saa tano asubuhi, jua limeshakolea, kipepeo wa rangi ya chungwa anazunguka mmea wako. Anagusa jani, anaruka, anagusa jingine. Wewe umechuchumaa na simu mkononi, unangoja akunje tumbo atage. Anapanda juu, anavuka ukuta, anapotea. Unageuza jani moja moja hadi la mwisho, hukuti kitu. Au unakuta yai, unafurahi, unarudi keshokutwa na halipo.

Majirani zangu hapa Kisasa wananiletea maswali ya namna hii tangu ukuta wangu wa nyuma ulipojaa mimea anayotagia kipepeo huyu, ambayo wengi wao huing'oa wakisafisha kiwanja. Nimekaa na mimea hii misimu sita ya mvua, na nimeona kwamba karibu kila anayekuja na shida ameshafanya jambo kabla hajaangalia: amepuliza dawa, amehamisha yai, amekata matawi. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa dalili. Tazama kwanza, sababu utaijua, na tiba itafuata. Mahali pengine tiba ni kuacha tu.

Vifaa ni vitatu: daftari, simu yenye kamera nzuri au lenzi ya mkononi, na vipande vya nyuzi za rangi. Fundi cherehani atakupa mabaki bure. Uzi unaufunga kwa kulegeza kwenye kikonyo cha jani lenye yai, na kwenye daftari unaandika tarehe, saa na rangi ya uzi. Bila uzi hutajua yai lipi ni la jana na lipi la juzi, na utakuwa unabahatisha.

Ni kipepeo gani huyu

Maelekezo mengi yanayosambaa kwenye simu zetu yanamhusu kipepeo mfalme wa Marekani, Danaus plexippus, yule anayesafiri maelfu ya kilomita hadi misitu ya milimani ya Meksiko kukimbia baridi. Huyo Dodoma hatumpati. Wetu ni ndugu yake, Danaus chrysippus, mfalme wa Afrika. Mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, Linnaeus, aliwapa wote wawili majina yao ya kisayansi mwaka 1758, na kwa macho wanafanana kiasi cha kuchanganya. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kumtazama kiwavi: wa Marekani ana jozi mbili za pembe laini nyeusi, moja kichwani na moja nyuma, wetu ana jozi tatu, ya ziada ikiwa katikati ya mgongo.

Tofauti hii ina maana kubwa bustanini. Wa Marekani anafuata majira manne. Wetu anazaliana mwezi wowote mradi apate majani mabichi. Ukiifuata kalenda ya kule utaotesha wakati wa upepo mkavu na kupunguza matawi katikati ya msimu wa kutaga, halafu utasema kipepeo ni mgumu.

Mimea anayotagia ni ya ukoo mmoja wenye utomvu mweupe na mbegu zenye pamba. Kuna Gomphocarpus, ule wenye matunda yaliyovimba kama puto lenye vinyweleo, ambayo watoto hupenda kuyapasua. Kuna Calotropis procera, kichaka cha sehemu kavu chenye majani mapana ya kijivu-kijani. Kuna Pergularia daemia, unaotambaa juu ya uzio na kuwa na majani ya umbo la moyo. Na kuna Asclepias curassavica, wa maua mekundu na manjano, ulioletwa kutoka Amerika ya joto kama pambo. Utomvu wa mimea hii una sumu inayogusa moyo, na ukiingia jichoni unaumiza vibaya. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomaliza, na watoto uwafundishe hivyo hivyo.

Dalili ya kwanza: hawaji kabisa

Angalia kalenda kabla ya kuangalia mmea. Dodoma tunapata kati ya milimita 500 na 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kuanzia Desemba hadi Aprili. Ikifika Septemba na Oktoba mimea ya porini imekauka, upepo unabeba vumbi, na vipepeo wamepungua sana. Ukiwa umeotesha Agosti na unalalamika Oktoba, subira tu. Kwangu mayai mengi nayaona kuanzia wiki ya tatu au ya nne baada ya mvua za kwanza kushika, na yanaendelea hadi Juni iwapo nimemwagilia.

Ikiwa ni Februari na bado hujaona mtu, tazama mahali ulipopanda. Shina moja lililojificha kwenye kivuli cha ukuta si rahisi kuonekana wala kunuswa na kipepeo anayepita. Panda matano au zaidi pamoja, mahali penye jua kuanzia saa tatu asubuhi, na penye kitu cha kukinga upepo wa kusini-mashariki. Weka na maua ya asali karibu: zinia na kosmosi zinatosha, na zinavumilia udongo wetu mwekundu wa kichanga. Jike anayekula hapo hapo ana sababu ya kubaki.

Dalili ya pili: anakuja, anazunguka, lakini hatagi

Hii ndiyo shida ninayoulizwa zaidi, na ina sababu nyingi zinazofanana kwa nje. Nenda nazo kwa mpangilio huu.

Huenda ni dume. Ngoja atue na kufungua mabawa, kisha hesabu madoa meusi katikati ya bawa la nyuma. Jike ana matatu. Dume ana la nne, nene kidogo kuliko mengine, nalo ni kifuko cha harufu ya kuvutia majike. Dume huzunguka mimea yako siku nzima akisubiri majike, na hufukuza hata nyuki. Mama mmoja wa mtaa wa jirani alinipigia simu kwa furaha kwamba "vipepeo wake" wanne wamehamia bustanini. Nilipofika tukahesabu madoa pamoja: wote wanne madume. Nikamwambia asubiri, na kweli siku ya tisa jike alifika.

Huenda si yeye kabisa. Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu hata mimi nilidanganyika msimu mzima. Kuna kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye jike wake amemwiga mfalme wa Afrika karibu kila kitu: chungwa lile lile, ncha nyeusi ile ile, mstari mweupe ule ule. Ndege wanaojua kwamba mfalme ni mchungu kwa sababu ya utomvu wanamwacha na huyu, ambaye hana sumu. Yeye hatagi kwenye mimea yetu hata ungempigia magoti. Anataga kwenye Portulaca, ile yenye majani manene inayotambaa chini, na mimea mingine ya aina tofauti. Mtazame bawa la nyuma: ana doa moja tu jeusi, karibu na ukingo wa mbele, mahali ambapo mfalme ana matatu au manne. Kingo za mabawa yake zimekatwa-katwa kama lesi. Mfalme pia ana kichwa na kifua cheusi chenye vitone vyeupe vya wazi, kama kitambaa cha vitone. Ukishajua hivi vitu vitatu hutamkosea tena. Dume wa huyu mwigaji, kwa taarifa yako, hafanani naye hata kidogo: ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na buluu-zambarau, na ukimwona anakaa kifua mbele kwenye njia ya bustani ujue jike wake yuko karibu.

Mambo yanazidi kuchanganya kwa sababu mfalme mwenyewe ana sura zaidi ya moja. Wapo wenye ncha nyeusi, wapo wasio na ncha nyeusi kabisa wanaoitwa dorippus, na wapo wenye mabawa ya nyuma meupe wanaoitwa alcippus. Wote ni aina moja na wanaoana. Afrika Mashariki ndiyo sehemu ambapo sura hizi zinakutana, kwa hiyo usishangae kuziona mbili kwenye ua moja. Hata mwigaji ana sura ya kumwiga dorippus. Ndiyo maana nasema usitegemee ncha ya bawa la mbele. Hesabu madoa ya nyuma.

Huenda mmea si wenyewe. Utomvu mweupe peke yake si ushahidi. Minyaa ina utomvu mweupe, na Dodoma nzima imezungushiwa uzio wa minyaa. Mpapai unao, mfenesi unao. Hakuna mfalme atakayetaga huko. Jike ana vihisio vya ladha miguuni, na utamwona akipiga-piga jani haraka kwa miguu ya mbele iliyo mifupi mno, karibu haionekani. Anaonja. Akionja mmea usio wake anaondoka mara moja. Ukiona anagusa mara moja tu na kuruka, na hajirudii, shuku mmea.

Akionja na kurudi, na kurudi tena, bila kukunja tumbo, basi mmea ni wenyewe lakini majani hayamridhishi. Majani mazee ya Calotropis yanakuwa magumu kama ngozi, na mtoto wa siku moja hawezi kuyatoboa. Jike analijua hilo. Dawa yake ni kukata ncha za matawi mawili au matatu kwa kila shina, kumwagilia, na kusubiri siku kumi na nne hivi hadi machipukizi yatoke. Usikate shina zima wakati wa msimu. Kata kwa zamu, ili siku zote kuwe na majani ya kila umri.

Sababu nyingine ni vidukari. Vile vya manjano vyenye miguu myeusi, Aphis nerii, hujaa kwenye machipukizi mpaka shina linageuka rangi. Wanafyonza, wanaacha unyevu mtamu unaonata, na sisimizi wanafuata utamu huo. Jike akitua juu ya shina la namna hiyo anatembelewa na sisimizi miguuni, anaruka. Tiba ni maji: asubuhi, shika shina kwa mkono mmoja, kwa mwingine rusha maji kwa nguvu ya chupa iliyotobolewa kizibo. Rudia baada ya siku mbili. Waliobaki wafinye kwa vidole. Lakini geuza kila jani kwanza, maana yai likiwapo utalisomba nalo.

Na mwisho katika dalili hii, jiangalie mwenyewe. Jike hutaga zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa wazi. Ukimwagilia saa sita mchana, ukisimama kati yake na jua, ukimsogezea simu uso kwa uso, utamfukuza. Kaa hatua tatu mbali, upande ambao kivuli chako hakiangukii mmea, uwe umetulia. Akikunja tumbo chini ya jani hudumu sekunde mbili au tatu tu. Kazi imekwisha, anahamia jani jingine.

Dalili ya tatu: nimemwona akitaga, yai silioni

Mayai anataga moja moja, mara nyingi upande wa chini wa jani. Usitafute kundi. Tafuta kitone kimoja cheupe kinachong'aa kama fedha, kimesimama wima, chini ni kipana na juu kimechongoka kidogo, na kina mistari myembamba ya kutoka juu kwenda chini. Urefu wake ni kama milimita moja, hauzidi kichwa cha pini. Ukiona kitone bapa, kinachong'aa lakini hakina mistari, hicho ni utomvu uliokauka. Ukiona kitone cheupe kilichoning'inia kwenye ncha ya unywele mwembamba, hilo ni yai la mdudu mwingine ambaye watoto wake hula vidukari; mwache aendelee na kazi yake.

Ujanja ninaoutumia: mtu wa pili. Mjukuu wangu hukaa upande wa pili wa ua, na jike akitua anataja jani. "Bibi, tawi la kushoto, jani la tatu kutoka juu!" Mimi siondoi macho kwa kipepeo, yeye hatoi macho kwa jani. Peke yako, piga video pana ya mmea mzima na uirudie taratibu baadaye.

Kama una uhakika wa jani, umelikagua ndani ya saa moja, na hakuna yai, basi hakutaga. Majike hukunja tumbo wakati mwingine bila kuacha kitu. Kama umekagua kesho yake na hakuna, soma inayofuata.

Dalili ya nne: mayai yanatoweka, yanageuka meusi, au hayaanguliwi

Tofautisha hayo matatu, maana kila moja lina chanzo chake.

Yai lililotoweka bila kuacha ganda limeliwa. Wa kwanza kushukiwa ni sisimizi, wa pili ni kile kidudu chekundu cha madoa meusi chenye umbo la nusu ya harage, ambaye sote tunamsifu kwa kula vidukari na ambaye hachagui. Wa tatu atakushangaza: kiwavi wa mfalme mwenyewe. Kiwavi akikutana na yai juu ya jani analolila, analila na yai. Ndiyo maana mimea michache yenye viwavi wengi haitoi vipepeo wengi. Sisimizi nawazuia hivi: mimea niliyoipanda kwenye ndoo kuukuu naiweka juu ya matofali yaliyosimama ndani ya masinia ya maji, ili wasipate daraja. Maji nayabadilisha kila baada ya siku tatu, nisije nikafuga mbu. Iliyopo ardhini naiondolea vidukari tu, na sisimizi wanapokosa utamu wanapungua wenyewe.

Yai linalogeuka jeusi linaweza kuwa habari njema kabisa. Hapa Dodoma wakati wa joto yai huanguliwa siku ya tatu au ya nne. Juni na Julai, usiku unaposhuka hadi karibu nyuzi 13 au 14, huchukua siku mbili tatu zaidi. Saa chache kabla ya kuanguliwa, ncha ya juu inakuwa nyeusi: ni kichwa cha mtoto kinachoonekana kupitia ganda. Mwaka jana mwezi Machi niliuleta mmea mmoja wa kwenye ndoo barazani, nikaketi na lenzi kuanzia alfajiri. Ilipofika saa moja na nusu ule weusi ulianza kucheza ndani ya ganda, kama mtu anayegeuka kitandani. Ukatokea mpasuko pembeni mwa ncha. Akatoka mwili mweupe usio na mstari wowote, kichwa cheusi kikubwa kuliko mwili wenyewe, akapumzika akiwa nusu ndani nusu nje. Alipomaliza kutoka aligeuka akala ganda lake lote. Nilipoangalia tena baada ya saa moja, mahali pa yai palikuwa safi kama hapakuwahi kuwa na kitu.

Ndiyo maana yai lililotoweka siku ya nne usililie. Tafuta tundu dogo la mviringo karibu na hapo, ukubwa wa ncha ya kalamu. Hiyo ndiyo alama ya mlo wa kwanza wa mtoto.

Sasa weusi mbaya. Yai zima likiwa jeusi, tangu chini hadi juu, na likabaki hivyo zaidi ya wiki, limevamiwa. Nyigu wadogo mno wa jenasi Trichogramma, wasiofika milimita moja, hutaga ndani ya mayai ya vipepeo na nondo. Baadaye utaona kitobo kimoja cha duara, na nyigu ametoka. Hakuna dawa ya hili, na usiitafute. Hao hao wanasaidia mahindi yako na nyanya zako.

Linabaki fumbo la mayai yanayokaa tu. Yai likibaki jeupe, likaanza kubonyea kama puto lililoisha hewa, huenda halikurutubishwa, au limekaushwa na jua kali kwenye mmea uliokosa maji. Lakini kuna sababu nyingine ya Afrika Mashariki, na kwangu ndiyo inayonigusa kuliko zote. Baadhi ya majike wa mfalme hubeba bakteria wa jenasi Spiroplasma, wanaorithishwa kutoka kwa mama kwenda kwa watoto kupitia yai. Bakteria hao huwaua watoto wa kiume wangali ndani ya yai. Mama anataga mayai kama kawaida. Nusu yanaanguliwa, yote ya kike, na nusu yanabaki. Katika maeneo ya Nairobi watafiti wamekuta nyakati ambazo majike wamezidi madume kwa mbali mno kwa sababu hii.

Hapo ndipo nyuzi za rangi zinapolipa. Tumia rangi moja kwa mayai ya jike mmoja uliyemfuatilia kwa macho mchana mmoja. Kama katika mayai yake kumi na mbili sita hivi yametoa watoto na sita yamekaa, na mayai ya jike mwingine kwenye mimea ile ile yameanguliwa karibu yote, basi kosa si la udongo wala la maji yako. Huwezi kujua kwa hakika bila maabara, lakini unaweza kuacha kuhangaika. Waliotoka walee kama wengine.

Dalili ya tano: viwavi wapo leo, kesho hawapo

Viwavi wa siku moja mbili hupotea kwa wingi, na hilo ni la kawaida. Buibui, vunjajungu, nyigu na sisimizi wote wanawala. Jike anajua hesabu hiyo, ndiyo maana hatagi yai moja wala mawili. Kiwavi mkubwa mnene aliyetoweka baada ya wiki mbili hivi kwa kawaida amekwenda kutafuta mahali pa kujigeuza pupa, yaani ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo. Tafuta chini ya dirisha, kwenye uzio, hata kwenye mpini wa jembe. Pupa ni ya kijani au ya rangi ya waridi iliyofifia, na ina vitone vya dhahabu.

Kinachoniuma ni wale wanaokufa juu ya jani. Kiwavi anayetetemeka, anayetapika maji ya kijani, anayeanguka chini akijikunja: huyo amekula sumu. Msimu wangu wa pili nilinunua miche minane ya Asclepias kwenye kitalu kimoja cha mjini. Miche ilikuwa mizuri, haina hata kidukari mmoja, na mimi badala ya kujiuliza kwa nini nikafurahi. Jike alitaga siku ya tatu. Watoto walianguliwa, wakala, na kufikia jioni ya siku ya pili wote walikuwa wamelegea. Nilihesabu 23. Miche ilikuwa imetiwa dawa ya aina inayofyonzwa na mmea na kukaa ndani ya majani kwa muda mrefu, kama imidakloprid. Kuosha jani hakusaidii, sumu iko ndani.

Tangu hapo sinunui mche bila kuuliza umetiwa nini na lini, na mche usio na mdudu hata mmoja siuamini. Bora uoteshe mwenyewe kwa mbegu. Toa pamba, loweka usiku mmoja, zika kina cha ukucha kwenye kiriba. Kama umeshanunua, funika mche kwa kipande cha chandarua kisicho na dawa, kata majani yote ya zamani, usubiri machipukizi mapya mara mbili kabla ya kuufunua. Neno "kisicho na dawa" nalisisitiza, kwa sababu vyandarua vingi tulivyo navyo nyumbani vimewekwa dawa ya mbu, na kiwavi hana tofauti na mbu mbele ya dawa hiyo.

Sumu huja pia kwa upepo. Wenye mashamba ya zabibu upande wa Hombolo na Makutupora wanapuliza, na ni haki yao kulinda zao lao. Ukiishi jirani na shamba, mwombe mwenye nalo akuambie siku ya kupuliza, ufunike mimea yako kwa shuka jioni iliyotangulia. Ndani ya nyumba, dawa ya kopo ya mbu usiipulize karibu na dirisha linalotazama bustani. Na mwarobaini, ambao tunauamini kwa kila kitu, unaua viwavi. Usiupulize huko.

Kiwavi aliyegeuka mweusi, laini, ananing'inia kama kitambaa kilicholowa, amekufa kwa ugonjwa. Mtoe kwa kijiti, mzike mbali, nawa mikono, na jani lake ulitoe pia. Pupa ikiwa na kitobo na funza mweupe ametoka, ni nzi aliyetaga juu ya kiwavi zamani. Huwezi kuirudisha.

Dalili ya sita: majani yameisha na viwavi bado

Hii ni shida ya mafanikio, na haina mjadala mrefu. Viwavi watano hadi sita wanamaliza shina dogo la Asclepias. Usiwape kabichi wala mchicha, hawali. Wahamishie kwenye Pergularia ya kwenye uzio au Gomphocarpus ya porini, kwa kukata kipande cha jani walichokalia na kukiegesha juu ya jani jipya. Usimvute kiwavi kwa vidole, miguu yake inashika na atachanika. Kabla ya kuleta tawi kutoka barabarani, kagua kama lina viwavi au mayai yake tayari.

Mwisho wa Juni, majani yanapokuwa machache na magumu, ndipo mimi hukata mashina yote, nikiacha kimo cha vidole vinne juu ya ardhi, na kuyamwagilia kwa maji ya kusuuzia nguo mara moja kwa wiki hadi mvua. Siku ya kukata naanza mapema, nageuza kila jani, na matawi yenye mayai nayatia kwenye chupa za maji barazani hadi wa mwisho aanguliwe.